Dhoruba Inayosuasua

Agosti 2020 nilikesha usiku kadhaa nikifuatilia dhoruba mbili kwa pamoja, zote zikielekea Ghuba ya Mexico. Moja, Marco, ilikuwa imejikunja vizuri ikakaza, na tarehe 23 ikapandishwa daraja kuwa kimbunga. Nyingine, Laura, ilikuwa imetapanyika hovyo: kitovu huku, mvua kule, na njia yake inapita juu ya milima ya Hispaniola, kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika, kisha Kuba. Nikajipa uhakika ambao sikuwa na sababu ya kuwa nao. Marco ndiyo ya kuogopwa, nikasema, Laura itaishia milimani.

Kesho yake tu, upepo wa juu uliifyeka Marco. Mawingu yote ya radi yalisukumwa upande mmoja, kitovu kikabaki uchi, na jioni ikafika karibu na mdomo wa mto Mississippi ikiwa imechoka kabisa. Laura ikatoka Kuba, ikaingia kwenye maji ya moto, na usiku wa kuamkia tarehe 27 ikaipiga Louisiana kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa. Na hata kabla ya kupata nguvu hizo, ikiwa bado ile Laura niliyoidharau, mafuriko yake yalikuwa yameshaua zaidi ya watu 30 Haiti na Jamhuri ya Dominika.

Nilichojifunza hapo kinahusu zaidi neno lenyewe. Tukisikia "dhoruba dhaifu" tunafikiri ni kimbunga kilichopunguzwa, kama redio iliyoteremshwa sauti. Mimi sasa naamini ni mnyama mwingine kabisa, mwenye tabia zake, na tabia hizo huonekana wazi zaidi anapoukaribia ukanda wa pwani.

Tuanze na kinachopimwa. Dhoruba ya kitropiki hupewa daraja kwa upepo wake, basi. Chini ya kilomita 63 kwa saa ni mgandamizo mdogo wa hewa uliokwisha kuanza kuzunguka. Kuanzia 63 ni dhoruba, nayo hupewa jina. Ikifika 118 au zaidi inaitwa kimbunga, hata kama kila bahari ina msamiati wake. Namba hiyo ni ya upepo mkali kuliko wote, mahali popote ulipo ndani ya dhoruba, hata kama ni kipande kidogo tu upande mmoja. Haikwambii mvua ni kiasi gani. Haikwambii dhoruba inatembea au imesimama. Haikwambii ina upana gani. Mtu akisema "ni dhaifu" amekueleza jambo moja kati ya manne, tena mara nyingi si lile litakalokuumiza.

Fikiria pia, kile kichezeo cha watoto cha kuzungusha. Ikizunguka kwa kasi husimama wima, na ukiisukuma kidogo hujirudi. Ikianza kupoa hupepesuka, huinama, huhamahama, na hujui itaangukia wapi. Kimbunga kikubwa ni pia iliyo katika mbio zake: kitovu chake kimesimama kama nguzo kutoka usawa wa bahari hadi kilomita 12 au 15 juu, na mvua yake imekizunguka pande zote. Dhoruba dhaifu ndiyo ile inayopepesuka.

Kinachoipepesusha zaidi ni kutopatana kwa pepo. Chini, karibu na maji, upepo unaelekea huku. Juu angani, kwenye vichwa vya mawingu, unaelekea kule, au unaelekea huko huko lakini kwa kasi kubwa zaidi. Dhoruba yenye nguvu huweza kulihimili hilo kwa muda. Iliyo dhaifu hukatwa vipande viwili: mzunguko wa chini unaendelea na safari yake, mawingu ya mvua yanabaki kando, wakati mwingine kilomita 100 au 200 mbali. Kwenye picha za setilaiti utaona kijiduara cha mawingu membamba, kitupu, kikijizungusha chenyewe, na pembeni yake lundo jeupe linalochemka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na hapa walisema kweli kuliko ramani nyingi. Ramani inayochora alama ya dhoruba kwenye kitovu inakuonyesha mahali pasipo na mvua. Agosti 27, 2015 dhoruba iitwayo Erika ilipita karibu na kisiwa cha Dominica. Kitovu hakikukigusa kisiwa, kilipita kaskazini yake. Mvua iliyoachwa pembeni ndiyo iliyokiangukia: zaidi ya milimita 300 ndani ya nusu siku, juu ya milima mikali na mito mifupi. Watu wasiopungua 30 walikufa. Siku mbili baadaye Erika yenyewe ilikuwa imesambaratika, haikuwahi kuwa kimbunga hata kwa saa moja.

Halafu kuna tabia ya kitovu kuruka. Hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, na ndiyo inayowatia watabiri wa hali ya hewa kichaa. Kwa kuwa kitovu na mvua havikai pamoja, inatokea mvua kubwa ikajitengenezea kitovu kipya chini yake. Hewa inapanda kwa nguvu ndani ya lile lundo la mawingu, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, linashuka pale chini, upepo unaanza kuzunguka hapo, na kitovu cha zamani kinafifia. Dhoruba haikusafiri kufika hapo. Imefia huku ikazaliwa kule, lakini kwenye karatasi ni ile ile, kwa jina lile lile, na njia yote iliyotabiriwa jana lazima ichorwe upya. Bado haijafika pwani, na tayari wilaya iliyojiandaa si wilaya itakayopigwa.

Kuna na saa za siku. Dhoruba dhaifu ina kitu kama mzaha wa usiku na mchana. Alasiri mawingu yake hunywea, yanabaki vipandevipande, na mtu anayetazama picha saa kumi jioni atasema imekwisha. Usiku vichwa vya mawingu hupoa kwa kutoa joto lake angani, huku bahari ya chini ikibaki na joto lake lile lile. Tofauti ya joto kati ya juu na chini inakua, na hewa inapanda kwa urahisi zaidi. Kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri mawingu hulipuka upya. Vimbunga vikubwa navyo vina mapigo hayo, ila havitikiswi nayo sana. Iliyo dhaifu huishi na kufa kwayo. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu mchana mmoja, "Hakuna kitu hapo, lala salama." Alinijibu asubuhi kwa picha ya maji ndani ya nyumba yake. Urafiki ulibaki, utabiri wangu wa alasiri nimeuacha.

Njia nayo hubadilika kwa sababu isiyojulikana sana na watu. Dhoruba husukumwa na pepo zinazoizunguka, na nguvu zake ndizo zinazoamua isukumwe na pepo za tabaka lipi. Iliyo ndefu na imara hushikwa na mkondo wa hewa wa tabaka zote, hadi juu kabisa. Iliyopoteza mawingu yake ni fupi, hivyo hubebwa na upepo wa chini tu. Kwa hiyo swali "itaelekea wapi" haliwezi kujibiwa bila kwanza kujibu "itakuwa na nguvu kiasi gani," na kwenye dhoruba dhaifu yote mawili hayana jibu la hakika. Juni 2012 Debby ilikaa katikati ya Ghuba ya Mexico karibu bila kusogea, huku modeli kubwa za kompyuta zikigawanyika: moja inaipeleka magharibi kuelekea Texas, nyingine mashariki kuelekea Florida. Utabiri rasmi wa mwanzo ulielekea magharibi. Dhoruba ikaenda Florida, polepole, ikimwaga maji njia nzima. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Pia ikipepesuka, hata aliyeitupa hajui itakapoangukia.

Sasa tufike ufukweni, kwa sababu hapo mambo yanageuka tena.

Upepo unaotoka baharini umezoea kuteleza. Maji hayaukwamishi sana. Ukigusa nchi kavu unakutana na miti, vilima na majengo, na mwendo wake unapungua ghafla, huku wa nyuma yake ukija kwa kasi ile ile. Hewa hurundikana kama watu mlangoni. Kwa kuwa haiwezi kwenda chini, hupanda, na ikipanda hupoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana mstari wa pwani unaweza kulowa saa nyingi kabla ya kitovu kufika, hata kwenye dhoruba isiyo na upepo wa kuangusha tawi. Panapokuwa na vilima nyuma ya ufuo, mambo huongezeka maradufu: hewa iliyokwisha kuanza kupanda inapandishwa tena.

Wakati huo huo nchi kavu hufanya kinyume chake. Upande ule ambao upepo unatoka bara kuelekea baharini, dhoruba huvuta hewa kavu na kuimeza. Kwa kimbunga kikubwa hicho ni kikohozi. Kwa dhoruba changa inaweza kuwa sumu: mawingu ya upande mzima yananyauka na dhoruba inafika ufukweni ikiwa nusu.

Ungedhani basi zote hufa zinapokaribia. Nyingi ndiyo. Ila baadhi hufanya kitu cha kushangaza, nazo mara nyingi ni zile ndogo. Dhoruba yenye kiini kidogo haina mzigo mkubwa wa kuzungusha, hivyo hupata kasi upesi na kuipoteza upesi. Karibu na ufuo maji ni ya kina kifupi na ya moto hadi chini kabisa. Upepo ukiyakoroga hauibui maji baridi ya kuizima, kama inavyotokea kwenye bahari kuu. Ongeza pwani iliyojikunja kama upinde, mfano ile ya Ghuba ya Campeche kule Mexico, inayosaidia upepo kujikunja pia, na una kichocheo. Asubuhi ya Septemba 12, 2007 Humberto ilikuwa mgandamizo mdogo tu karibu na Texas. Watu walilala wakijua inakuja mvua. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 13 iliingia nchi kavu ikiwa kimbunga chenye upepo wa takriban kilomita 145 kwa saa. Hata siku moja haikutimia. Hakuna onyo linaloweza kukimbizana na hilo.

Upande nao una maana yake. Kusini mwa ikweta dhoruba huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, kaskazini huzunguka kinyume chake. Dhoruba inayotoka Bahari ya Hindi kwenda magharibi kuelekea Afrika Mashariki husukuma maji na mvua ufukweni kwa upande wake wa kusini, yaani kushoto kwa njia yake. Upande wa kaskazini upepo hutoka bara, na mara nyingi kunakuwa shwari kuliko ilivyotangazwa. Hidaya ilipofika kisiwani Mafia Mei 4, 2024, ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu ilizokuwa nazo baharini. Mvua zake ziliikata barabara kuu ya kwenda Lindi, huko Kilwa, kusini ya Mafia. Waliokuwa kaskazini wakauliza, kimbunga kiko wapi? Swali halali, kwa mtu aliyesimama upande ule. Miaka mitatu nyuma, Aprili 2021, Jobo ilikuwa imevurugika kabla ya kuifikia pwani hiyo hiyo, na kicheko kilikuwa kikubwa. Mimi sikucheka. Tahadhari iliyotolewa kwa dhoruba ikafa njiani haikuwa ya uongo: dhoruba ile ingeweza kufanya mambo matatu tofauti, na ikafanya moja.

Ila kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu dhoruba inayokuja, nisingeuliza upepo. Ningeuliza mwendo.

Kuna kanuni ya zamani ya watabiri wa Marekani, ya kukokotoa kwa kichwa: chukua 100, gawa kwa mwendo wa dhoruba uliopimwa kwa maili za baharini kwa saa, na utapata makadirio ya mvua ya juu kabisa kwa inchi. Dhoruba inayokwenda maili 20 italeta inchi 5, kama milimita 127. Ya maili 10 italeta milimita 254. Ya maili 5, milimita 508. Tazama kilichokosekana kwenye hesabu hiyo: nguvu za upepo hazimo kabisa. Ni kanuni ya kukadiria, haina usahihi wa maabara, lakini kukosekana huko kunaeleza mengi.

Na dhoruba dhaifu ndizo hupenda kusimama, hasa zikinaswa mahali pasipo na upepo wa kuzisukuma. Julai 1979 Claudette, dhoruba ya kawaida kabisa kwa upepo, iliingia Texas ikapunguza mwendo. Mji wa Alvin ulipata karibu milimita 1,090 ndani ya saa 24. Miji mingi duniani haipati kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Kisha Allison. Iliingia nchi kavu huko Texas Juni 5, 2001, upepo wake mkubwa haukuzidi kilomita 95 kwa saa, na ndani ya siku moja ilikuwa imeshushwa daraja. Ikapanda kaskazini, ikasita, ikageuka, ikarudi kusini kuelekea bahari ilikotoka. Usiku wa kuamkia Juni 9 ilikuwa juu ya Houston. Saa zile zile za usiku nilizozitaja, mawingu yalilipuka karibu na kitovu na hayakusogea. Bandarini, jumla ya mvua ya siku zile ilifika karibu milimita 940. Maji yaliingia vyumba vya chini vya hospitali kubwa, mahali palipowekwa mitambo ya umeme wa dharura, na wagonjwa wakateremshwa ngazi kwa mikono gizani. Texas peke yake ilipoteza watu 23. Jina Allison likaondolewa kwenye orodha ya majina ya dhoruba za Atlantiki, heshima ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa ikitolewa kwa vimbunga tu.

Wengi hufikiri nchi kavu ni mwisho wa habari, kwamba dhoruba ikitoka majini imekatiwa chakula. Lakini ardhi iliyolowa au yenye vinamasi inaweza kuilisha kwa muda. Agosti 2008 Fay iliingia Florida kutoka kusini magharibi, na badala ya kunywea ikapata nguvu ikiwa juu ya nchi, mpaka ikafanya kitu kinachofanana na jicho karibu na ziwa Okeechobee. Ikatoka, ikaingia, ikatoka, ikaingia: mara nne ndani ya jimbo moja. Mwaka uliotangulia Erin ilifanya kituko zaidi. Iliingia Texas ikiwa mgandamizo mdogo usio na mvuto, na siku tatu baadaye, Agosti 19, ikiwa Oklahoma, mamia ya kilomita kutoka baharini, ikajikunja ikawa na nguvu kuliko ilivyokuwa juu ya maji. Rada ilionyesha tundu katikati. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara nasikia kama inanicheka.

Mawimbi nitayapitia haraka. Dhoruba dhaifu haipandishi bahari kama kimbunga, lakini ikikaa siku mbili ikipuliza upande mmoja, na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, ikaikuta hapo, maji hupita mahali yalipozoea. Kwa wavuvi wa vyombo vidogo upepo wa kilomita 60 kwa saa si dhaifu hata kidogo.

Mtu ataniuliza, kwa teknolojia yote hii, kwa nini bado tunakisia? Sehemu kubwa ya bahari za dunia haina ndege inayoingia ndani ya dhoruba kupima. Nguvu hukadiriwa kwa kusoma umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti, kwa mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Ni mbinu ya akili sana, na hufanya kazi vizuri zaidi dhoruba ikiwa na umbo: jicho, pete, mikono inayojikunja. Dhoruba isiyo na umbo haina cha kusomwa. Wasomaji wawili wazoefu wanaweza kuitazama picha moja na kuweka kitovu mahali pawili tofauti. Modeli nazo huanza na kitovu hicho kilichokisiwa, na kosa dogo la leo ni kosa kubwa la keshokutwa. Kwa hiyo tunazielewa vizuri zaidi zile kubwa na za kutisha kuliko hizi ndogo.

Novemba 5, 1991 dhoruba Thelma ilipita katikati ya Ufilipino. Upepo wake haukufika hata nusu ya ule wa vimbunga vikubwa ambavyo visiwa vile huvizoea kila mwaka. Mvua ikashuka milimani juu ya mji wa Ormoc, mto ukafurika asubuhi, na watu takriban 5,000 wakafa, wengi wao mjini humo.

Na kuna Idai. Ukilitaja jina hilo kila mtu anaikumbuka Beira, usiku wa kuamkia Machi 15, 2019. Wachache wanakumbuka kwamba ilikuwa imeshafika Msumbiji siku kumi kabla. Machi 4 iliingia pwani kutoka Mlango-Bahari wa Msumbiji ikiwa mgandamizo mdogo, upepo usiostahili habari ya kwanza, ikazunguka juu ya kaskazini ya nchi na kusini mwa Malawi, kisha ikarudi baharini kukusanya nguvu. Katika duara hilo la kwanza mafuriko yaliua zaidi ya watu 100 katika nchi hizo mbili. Jina Idai lilitolewa Machi 9. Walipokufa, dhoruba iliyowaua haikuwa na jina bado.